Shajara ya mradi: programu ya kumbukumbu za mvua, na swali la aina ya data

Siku ya 1

Nimeanza. Programu yenyewe ni ndogo. Dada yangu ana vipimamvua kadhaa, huvisoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari, na daftari limechoka. Nataka akae mbele ya terminali (dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta), ajibu maswali matano, kumbukumbu iingie kwenye hifadhidata: namba ya kituo, tarehe, mvua kwa milimita, joto, na kama kipimamvua kimemwagwa baada ya kusomwa. Natumia lugha ya programu ya Python.

Nilitarajia jasho lingenitoka kwenye ripoti za mwezi. Badala yake asubuhi yote imeishia hapa:

```
mvua = input("Mvua (mm): ")
if isinstance(mvua, float):
    hifadhi(mvua)
else:
    print("Tafadhali andika namba.")
```

Nikaandika 12.5. Ikajibu: Tafadhali andika namba. Nikaandika 12, jibu lile lile. Nikaongeza `print(type(mvua))` na ikatoka `<class 'str'>`. Katika Python 3, `input()`, inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi, siku zote. Mtu aandike 12, aandike abc, abonyeze Enter bila kuandika kitu: kinachofika kwenye programu ni `str`, yaani maandishi. Sharti langu la `isinstance`, linalouliza kama kitu ni cha aina fulani, halikuwa na njia yoyote ya kuwa kweli.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kwenye Python 2, `input()` ilichukua alichoandika mtumiaji na kukitekeleza kana kwamba ni msimbo, kwa hiyo 12 ilitoka ikiwa `int` (namba nzima) na 12.5 ikatoka `float` (namba yenye desimali). Ilipendeza, lakini ilikuwa hatari kubwa, maana mtumiaji aliweza kuandika amri na programu ikaitii. Aliyetaka maandishi matupu alitumia `raw_input()`. Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008, tabia ile ya kutekeleza iliondolewa, na jina `input()` likapewa ile iliyo salama. Msimbo wa zamani unaokagua aina mara tu baada ya `input()` uliweza kufanya kazi enzi hizo. Ukiuhamisha ulivyo, tawi la namba halifikiwi kamwe, na hakuna kosa lolote linalojitokeza kukuonya.

Kwa hiyo swali langu halikuwa sahihi. Nilikuwa nauliza, "jibu hili ni la aina gani?" Jibu la kibodi halina aina zaidi ya maandishi. Ninalopaswa kuuliza ni kama maandishi haya yanasomeka kuwa kitu ninachokihitaji. Nimeliandika hilo kwenye karatasi nikalibandika juu ya skrini.

Siku ya 2

Kabla ya kufuata karatasi yangu nilitaka kwanza kujaribu `isdigit()`, kwa kuwa ndiyo watu wengi huikimbilia. Inauliza kama kila herufi ni tarakimu. "12" inapita. "12.5" inakataliwa kwa sababu ya nukta. "-3" inakataliwa kwa sababu ya alama ya hasi, na joto linaweza kuwa chini ya sifuri. Nikaanza kutia viraka: ondoa nukta moja, ondoa alama ya hasi mwanzoni, kisha kagua.

```
jibu.lstrip("-").replace(".", "", 1).isdigit()
```

Inaonekana nadhifu. Halafu nikaandika "--5". `lstrip` huondoa alama zote za mwanzoni, si moja, kwa hiyo ukaguzi ukapita, na mstari uliofuata, `float("--5")`, ukaanguka. Nikajaribu "²", ile mbili ndogo ya juu ambayo kwenye kibodi za Kifaransa ina kitufe chake. `isdigit()` inasema ni kweli, hiyo ni tarakimu. `int("²")` inasema haiwezi. Yaani mkaguzi na msomaji hawasomi sheria moja. Wakati huo huo "٣", tatu ya Kiarabu, `int()` inaisoma vizuri kabisa na kutoa 3.

Nilipoona hivyo nikaacha viraka. Ukiandika sheria zako za kukagua, halafu kazi ya kugeuza ukaiachia `float()`, una sheria mbili, na siku moja zitatofautiana. Dawa ni kuyageuza maandishi moja kwa moja na kulidaka kosa:

```
try:
    mvua = float(jibu)
except ValueError:
    print("Sijaweza kusoma namba hapo.")
```

`float()` haisumbuliwi na nafasi zilizobaki mwanzoni au mwishoni, inasoma alama ya hasi, inasoma "1e3" kuwa 1000.0, na tangu Python 3.6 inakubali hata "1_000". Sihitaji yote hayo, ila hayanidhuru. (Hapa nilikosea, tazama siku ya 7.)

Siku ya 3

Leo nimefunga terminali kwa nguvu mara mbili. Niliandika kitanzi kinachouliza tena mpaka jibu lisomeke, na kwa haraka nikaandika `except:` tupu, bila kutaja `ValueError`.

```
while True:
    try:
        return float(input("Mvua (mm): "))
    except:
        print("Jaribu tena.")
```

Kwa mkono ilifanya kazi vizuri. Kisha nikaiingizia majibu kutoka kwenye faili ili nisiandike yale yale kila mara. Faili likaisha, `input()` ikatoa `EOFError`, `except:` tupu ikalidaka, ikachapisha Jaribu tena, ikarudi juu, ikakuta faili bado limeisha. Skrini nzima ikajaa "Jaribu tena" ikikimbia kuliko jicho. Nikabonyeza Ctrl+C. Ctrl+C nayo huja kama kosa, `KeyboardInterrupt`, nalo likadakwa, likajibiwa Jaribu tena. Programu haikuwa na mlango wa kutokea.

Tofauti ni neno moja. `except ValueError:` inadaka maandishi yasiyosomeka, ambayo ni jambo la kawaida linalotarajiwa, na inayaacha mengine yote yapande juu yanakostahili. Nimeweka pia kikomo cha majaribio matatu. Baada ya hapo programu inaacha swali hilo na kusema wazi kwamba kumbukumbu haijahifadhiwa. Mtu aliyekosea mara tatu anahitaji kusoma maelezo upya, kuulizwa mara ya nne hakumsaidii.

Siku ya 4

Namba ya kituo. Nilikuwa nimeiandikia `int()` bila kufikiri, kwa kuwa inaitwa namba. Dada akaandika 04, programu ikahifadhi 4, na ripoti ikasema "Kituo 4". Kwenye daftari lake na kwenye kibandiko cha kipimamvua chenyewe kimeandikwa 04. Kisha akaniambia kipo pia 04B, kilichoongezwa kando ya kile cha kwanza.

Hakuna atakayejumlisha namba za vituo. Hakuna atakayetafuta wastani wake. Namba ya kituo ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, kama ilivyo namba ya simu, na jina huhifadhiwa kama maandishi. Nimeondoa `int()`. Ukaguzi uliobaki ni kulitafuta jibu kwenye orodha ya vituo vilivyopo. Lisipokuwemo, programu inaonyesha orodha.

Ubaya wa kukisia aina kwa sura ya maandishi si wa programu ndogo peke yake. Wanasayansi wa jeni waliteseka miaka mingi kwa sababu programu za jedwali zilisoma majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe na kuyageuza kimya kimya. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo uliozingatia tatizo hilo, na jeni hizo sasa zinaitwa SEPTIN1 na MARCHF1. Ilikuwa rahisi zaidi kubadili majina ya jeni kuliko kuzuia jedwali kukisia. Mimi sitaki programu yangu ikisie chochote.

Siku ya 5

Tarehe, na imekwenda haraka. `datetime.strptime(jibu, "%d/%m/%Y")` inasoma 5/3/2024 na inakataa 31/4/2024 kwa sababu Aprili ina siku 30. Inakataa 29/2/2023, inakubali 29/2/2024. Isichoweza kujua ni kama 5/3 ni Machi au Mei, kwa hiyo programu inamsomea mtumiaji tarehe kwa maneno kabla ya kuendelea: "Tarehe 5 Machi 2024, sawa?" Majina ya miezi nimeyaandika mwenyewe kwenye orodha. Tarehe ya kesho inakataliwa pia, ingawa hiyo haihusu aina: ni tarehe halali kabisa, ila mvua yake haijanyesha.

Siku ya 7

Jana nilipumzika. Leo nimetengeneza jedwali la majaribio: safu ya kwanza ina maandishi, ya pili ina jibu ninalolitarajia. Nimeweka kila uchafu niliouwaza: Enter tupu, nafasi tupu, "abc", "12 mm", "12.5.1", "1e3", "-4", "inf", "nan".

Kikomo cha mvua nilikuwa nimekiandika hivi:

```
if mm < 0 or mm > 2000:
    raise ValueError("Mvua haiwezi kuwa hivyo.")
```

Kwa nini 2000? Mvua kubwa kuliko zote iliyorekodiwa kwa saa 24 ni milimita 1825, Foc-Foc kwenye kisiwa cha Réunion, Januari 1966. Juu ya 2000 bila shaka mtu ameteleza kwenye kibodi. Kati ya 200 na 2000 programu inauliza mara ya pili, haikatai.

Majaribio yote yalitoa jibu nililolitarajia isipokuwa moja. "inf" (namba isiyo na mwisho) ilikataliwa kwa sababu ni kubwa kuliko 2000. "nan" ilipita. `float("nan")` inafanikiwa: inatoa thamani maalumu yenye maana ya "si namba", na aina yake, cha kustaajabisha, ni `float`. Ukiuliza `isinstance` hapo unajibiwa kweli. Na `nan` ikilinganishwa na chochote kwa kubwa au ndogo, jibu ni si kweli. Je, ni ndogo kuliko 0? Hapana. Je, ni kubwa kuliko 2000? Hapana. Basi ipite.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kuliko yote ya wiki, kwa kuwa kosa halikuwa kwenye `float()`. Lilikuwa kwenye namna nilivyouliza. Nilieleza kibaya ninachokikataa, na kila nisichokieleza kikapata ruhusa. Nikigeuza nieleze kizuri ninachokikubali:

```
if not (0 <= mm <= 2000):
    raise ValueError("Mvua iwe kati ya 0 na 2000.")
```

`nan` inashindwa kwenye sharti la kukubaliwa na inabaki nje bila kutajwa kwa jina. Maneno ni karibu yale yale, matokeo ni tofauti. Nimepitia faili zima na kugeuza kila ukaguzi uwe wa upande huu. Kwenye joto nimeongeza na `math.isfinite()`, inayokataa `inf` na `nan`, ili anayesoma msimbo aone nia yangu.

Siku ya 8

Swali la ndiyo au hapana. Msimbo wa kwanza ulikuwa `bool(input("Kimemwagwa? "))`, na dada akaingiza siku sita za majaribio kabla hatujagundua kwamba zote zinasema kimemwagwa. `bool()`, ambayo hugeuza kitu kuwa kweli au si kweli, haisomi neno. Inauliza tu kama kuna herufi hata moja. `bool("hapana")` ni kweli. `bool("False")` ni kweli. Enter tupu peke yake ndiyo hutoa si kweli. Kugeuza kumefanikiwa bila kosa lolote, na maana yote imepotea njiani.

Nikaandika kamusi ndogo: "n" ni kweli, "h" si kweli. Jioni dada akaniita.

"Mdogo wangu, njoo uone. Nimeiambia hakijamwagwa, yenyewe inaandika kimemwagwa."

"Umeandika nini, dada?"

"Nimeandika n. No."

Kazini kwake anatumia mifumo ya Kiingereza kutwa nzima, y na n, na vidole vimeshazoea. Kwake n ni kukataa, kwa programu yangu n ni kukubali, na hakuna ukaguzi wa aina duniani utakaoligundua hilo, kwa sababu jibu lilikuwa halali kabisa. Nimeondoa herufi moja moja. Sasa yanahitajika maneno kamili:

```
MAJIBU = {"ndiyo": True, "ndio": True,
          "hapana": False, "la": False}
```

"Ndio" bila y nimeiacha makusudi. Watu wengi huandika hivyo, na programu ya mvua si mahali pa kusahihishana tahajia.

Siku ya 9

Koma. Dada huandika 12,5 kwenye daftari lake, na programu ikamkatalia.

"Imesema haijaweza kusoma. Lakini wewe unaweza kusoma hapo, au siyo?"

"Naweza, dada. Ila ungeandika 1,250 nisingejua ni elfu moja mia mbili na hamsini au ni moja na robo."

"Mvua ya elfu moja nimeiona wapi mimi?"

Hoja yake ni nzito. Hata hivyo, kubadili koma kuwa nukta kimya kimya ndiko kule kukisia nilikokukataa siku ya 4. Tumekubaliana hivi: koma ikifuatwa na tarakimu moja au mbili, na pasiwe na nukta popote, programu inauliza, "Ulimaanisha 12.5?" na kungoja ndiyo au hapana. Zikifuata tatu, inakataa na kueleza sababu. Nimebadilisha na ujumbe wa makosa yote. Ule wa Python wenyewe unamwambia mtu habari za `string` na `float`, jambo lisilomhusu. Wangu unaonyesha alichokiandika ndani ya alama za kunukuu, ili nafasi na koma zionekane, kisha unatoa mfano mmoja wa jibu linalokubalika.

Siku ya 11

Hifadhidata ni SQLite. Nilidhani nikitangaza safu kuwa `REAL` (namba zenye desimali) nimepata mlinzi wa pili. Sikupata. Kwa kawaida SQLite huchukulia aina ya safu kama pendekezo: nimeingiza 'abc' kwenye safu ya `REAL` na imeipokea, imeihifadhi kama maandishi, kimya. Tangu toleo la 3.37, la Novemba 2021, unaweza kuandika `STRICT` mwishoni mwa tangazo la jedwali, na hapo 'abc' inakataliwa kwa kosa. '12.5' iliyo maandishi bado inageuzwa kuwa namba, nami sina pingamizi. `nan` inageuzwa kuwa `NULL` (pasipo na thamani), kwa hiyo nimeweka na `NOT NULL`.

Siku ya 12

Dada amepata kipimajoto kinachotoa faili la JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data), na hapa ndipo `isinstance` ya siku ya kwanza inapopata kazi yake halali. JSON hutofautisha 12 na "12", kwa hiyo thamani inafika ikiwa na aina tayari, na ni haki kuiuliza. Tahadhari ni moja: katika Python, `bool` ni aina ndogo ya `int`, hivyo `isinstance(True, int)` ni kweli, na faili lenye `"joto": true` lingeingia kama nyuzi 1. Ninamkagua `bool` kwanza, kisha namba.

Siku ya 14

Dada ameingiza mwezi mzima kutoka kwenye daftari, siku 31, mimi nimekaa pembeni bila kugusa kibodi. Mistari miwili imekataliwa. Wa kwanza ulikuwa tarehe: ameruka mwaka, akaambiwa, akaandika upya.

Wa pili ulitusimamisha. Kwenye skrini ulisomeka 0.4, na ujumbe ukasema haukuweza kusoma namba kwenye "O.4". Aliuangalia, akaandika tena, ukakataliwa tena. Mimi nami nilianza kushuku msimbo. Kisha akasogea karibu na skrini, akaweka kidole kwenye ile duara ya kwanza, akasema, "Hii nene." Ilikuwa herufi O kubwa. Kwenye kibodi O iko chini kidogo tu ya sifuri.

Nimeuongeza mstari huo kwenye jedwali la majaribio, na kwenye ujumbe nimetia sentensi: "Hakikisha sifuri si herufi O." Kesho naanza ripoti ya mwezi.